Goti la Tonton Faustin

Juzi, kwenye bandari ya Isangi, mtu alishusha kutoka kwenye pirogi, mtumbwi wa kwetu, mafungu ya kamba za msitu zilizokatwa asubuhi ile ile. Harufu yake ilinifuata mpaka ofisini: ubichi, tope, na uchungu fulani unaong'ang'ania kooni. Nilijaribu kufanya kazi nikashindwa. Goti langu lilianza kucheza chini ya meza, nami nikamkumbuka Koko.

Koko alikuwa bibi yangu, mama mzazi wa Papa, baba yangu. Kwetu ni Kisangani, kwenye maporomoko, na pale nyumbani alikuwa na vita moja tu na mimi: mguu wangu. Nilikuwa mtoto asiyetulia. Kanisani, mezani, hata nikisukwa nywele, goti lilirukaruka lenyewe, na kila mara mkono wake mkavu wenye harufu ya samaki ulishuka juu yake ukalibana. Hakunieleza kwa nini. Watu walisema ugonjwa huo niliurithi kwa Tonton Faustin, baba yangu mdogo, mwanawe wa mwisho.

Tonton Faustin alikuwa hodari wa kudaka. Ukimrushia embe, kamba, samaki hai anayeteleza, alidaka bila kuangalia. Mgeni mmoja wa Taiwani, aliyekuja mjini kwa biashara ya mbao, alikuwa akiwafundisha vijana wa mtaa mchezo wa kwao, wa kupiga kimpira kigumu kwa fimbo. Alipoona mikono ya Tonton hakulala. Tukasikia kuna timu huko inataka kumjaribu, asimame katikati ya uwanja na kudaka mipira inayotambaa chini. Akaenda. Papa aliulizauliza Taiwani iko wapi, kisha akatutangazia kuwa ni kisiwa, maji pande zote, kwa hiyo mtu wa mto hawezi kupotea kule. Mimi nilianza kutembea shuleni kama binti wa waziri.

Likabaki jambo la nafasi yake. Sisi huvua kwa mitego mikubwa ya kusukwa, inayofungwa kwenye magogo yaliyosimikwa kati ya miamba, pale maji yanapokimbia kwa hasira. Magogo hushikwa na kamba za msitu, na kamba huoza, basi kuzibadilisha hakuishi. Kila mwanamume hurithi magogo ya ukoo wake. Hujitokezi tu na mtego wako. Papa Alphonse, binamu ya Papa, alikuwa na kijana aliyekua bila kupata mahali. Alisema wazi kwamba Faustin akishakuwa mtu mkubwa huko ng'ambo, magogo yake apewe kijana huyo. Papa aliona ni haki. Neno la mwisho lilikuwa la Koko.

Ndipo tukapata habari kwamba mchezo wao utaonekana kwenye intaneti. Kule ingekuwa jioni, kwetu jua la utosi. Koko alipanda toleka, baiskeli ya abiria, sisi tukaifuata kwa miguu, tukajazana kwenye chumba cha kompyuta chenye feni iliyozungusha joto lile lile. Picha ilikwama, ikaenda, ikakwama. Wanaume wenye kofia walisimama muda mrefu bila kufanya lolote, halafu mmoja akatimua mbio.

"Huyu amekosa nini?" Papa aliuliza.

Tulimtafuta Tonton kati ya wale waliosimama uwanjani. Hakuwemo. Kisha picha ikahamia pembeni, na tukamwona ameketi chini ya paa, jezi yake safi, kando ya mzee mwenye tumbo aliyekuwa akitoa amri.

"Wengine wanapigwa na taa kule, yeye iko anaikala," Papa alisema taratibu.

"Wamemupa kiti," alisema Papa Alphonse. "Na iko pembeni ya chef. Bon, donc amekuwa mukubwa."

Msitucheke. Kwetu mkubwa ndiye anayeketi kivulini wakati wengine wanafanya kazi, na mchezo wenyewe tulikuwa hatuujui. Nilipiga makofi. Koko peke yake hakufurahi. Aliinama karibu na kioo akaweka kidole chini kabisa ya picha, pale goti la Tonton lilipokuwa likirukaruka.

"Mama, toa mukono kwa écran," mwenye kompyuta alimwambia.

Hakuutoa. Picha ikakwama tena, na goti likatulia chini ya kidole chake.

Jioni Papa Alphonse alikuja nyumbani na kijana wake kupokea jibu. Koko alimaliza kwanza kumenya ndizi zake.

"Ile fasi iko na mwenyewe," alisema.

"Mama, lakini yeye iko chef kule," Papa akamsihi.

"Mutu mwenye wamepa kiti hatikisake muguu."

Nilidhani ananisema mimi. Nilibana goti langu kwa mikono yote miwili.

Papa Alphonse aliacha kumsalimia Koko. Kila maji yalipopungua, Koko aliagiza kamba mbichi, akakaa uani kuzichuna, na mimi nikachuna naye mpaka vidole vikawa vya kijani. Papa alikwenda kuzifunga huku akinung'unika, kwenye magogo yasiyo na mtego. Majirani walimwita Koko mchoyo. Nilimwonea aibu, kusema kweli nilimchukia kidogo.

Tonton alirudi mchana mmoja wa mvua, bila kutuma neno, na kibegi kidogo. Watu walijaa kumuuliza habari za ukubwa wake. Alicheka sana, na goti lake halikutulia hata mara moja. Koko hakumuuliza kitu. Alimpa lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, akangoja amalize, akamshika mkono wakashuka mpaka majini. Niliwafuata.

Magogo yake yalikuwa yamesimama. Tonton aliishika kamba, akainusa, akageuza uso kando.

"Shika muzuri," Koko alimwambia. "Ile ya kushoto njo mupya."

Tonton alipanda, maji yakinguruma chini yake, na miguu yake ikatulia.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi sote siku ile tulitazama kiti. Mama yake alitazama goti. Nililijua hilo nikiwa mtu mzima, Koko ameshatutoka, nami nimepewa ofisi hapa Isangi na kiti kinachozunguka. Nyumbani wanasema nimekuwa mkubwa. Juzi, harufu ya zile kamba ikiwa imejaa chumba, niliweka mkono wangu mwenyewe juu ya goti langu, nikalibana kama alivyofanya yeye. Halikutulia.