Nyota Isiyoingia Sandukuni

Jirani yangu Constance Uwamariya ana mikono isiyojua kukaa bure. Mpe fito, mpe mfuko wa nailoni uliochanika, atakurudishia kitu cha maana. Mama yake, bibi Kantengwa, alikuwa na kazi moja tu tangu walipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 1996 wakitokea Kivu ya Kusini: kulinda sanduku. Lilikaa nyuma ya mlango, limefungwa kamba, tayari kwa siku ya kurudi. Miaka kumi na sita! Mimi nilikuwa nalisalimia sanduku kabla ya mwenyewe.

Constance aliwahi kufua mashuka katika hospitali ya misheni kule Ruharo, Mbarara. Huko alikuwepo nesi Mfilipino, Sista Luz, aliyemfundisha kutengeneza nyota ya Krismasi kama ya kwao: fito za mwanzi zilizofungwa pembe tano, karatasi nyembamba ya rangi juu yake, taa ndani. Karatasi haikuziweza mvua zetu, kwa hiyo Constance akahamia kwenye mifuko ya plastiki. Sista akacheka, akasema hata kwao siku hizi wanatumia plastiki. Tena huko kwao wapo wanaojaza chupa maji na jiki kidogo, ile dawa ya kung'arisha nguo, wanaipenyeza kwenye bati la paa, na chumba chenye giza kinapata mwanga wa jua bila umeme. Constance hakuyasahau hayo.

Kila Krismasi nyota yake ilining'inia mlangoni. Kila Januari bibi alifungua fito, akaikunja nyota na kuitia sandukuni.

Mwaka 2012 mvua iliangusha ukuta wa mashariki wa nyumba yao. Constance akataka kuujenga upya kwa chupa za plastiki zilizoshindiliwa udongo, kama vijana fulani kambini walivyokuwa wameanza. Bibi akawaka.

"Weye Consta, unataka tukufie hapa? Nyumba ya nguvu ni ya batu beko na kwabo. Siye tuko njiani."

"Mama, tuko njiani tangu niko binti. Nimechoka kulala mu matope."

Constance hakuwa anagombania ukuta. Alitaka mama yake akubali kuishi pale alipo, kabla uzee haujammaliza akiwa bado anasubiri. Aliniambia hivyo macho yakimlengalenga.

Mwishowe bibi alikubali ukuta mmoja, "sababu ya baridi tu". Tukazoa chupa sokoni, tukashindilia udongo kwa vijiti hadi viganja vikatoka malengelenge. Chupa chache Constance alizijaza maji na jiki, akazilaza katikati ya ukuta zikitokeza pande zote mbili. Nilipouliza ni za nini, aliniambia nisubiri. Nikasubiri, ingawa sina kipaji hicho.

Asubuhi ya Krismasi aliniita kabla ya ibada. Jua lilipochomoza, zile chupa za maji ziliwaka ukutani kwa umbo la nyota ya pembe tano, ndani ya chumba kile cha giza. Bibi alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani.

"Iko ya Bakatoliki hii," alisema, yeye asiyekuwa Mkatoliki, lakini hakuiondolea macho.

Januari ikafika. Nilikwenda kuomba chumvi, nikamkuta bibi amelikokota sanduku mpaka mbele ya ukuta, kama desturi yake. Alikuwa anapapasa chupa moja baada ya nyingine.

"Na hii tutaibeba namna gani?"

Constance aliacha kuchambua maharage. Nilimwona anavyojiandaa kwa ugomvi.

"Haibebeki, mama."

Bibi akakaa chini. Akaifungua ile kamba polepole, akatoa koti la marehemu mumewe, akalikung'uta.

"Unipatie musumari," alisema. "Koti ya baba yako imechoka kukunjwa."

Constance alipigilia msumari kwenye nguzo kando ya nyota, huku akilia waziwazi. Mimi pia nililia, hata chumvi nikaisahau. Sanduku lilihamia jikoni, na sasa kuku wangu ndiye anayetagia humo.