Kichupa Nilichokipoza Kijitoni

Shangazi yangu, dada ya baba, ndiye aliyenilea na ndiye aliyenifundisha biashara. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: hesabu ya mara moja si hesabu. Fomaji, yaani jibini zetu, zikipangwa juu ya ubao, zihesabiwe kwenda, kisha zihesabiwe kurudi, kwa sababu jicho, alisema, ni mwongo anayependa kupumzika. Hadi leo mimi ni mtu wa hivyo. Nikinunua mbuzi, nahesabu miguu yake mara mbili. Muuzaji akicheka, najua bei itashuka. Mtu anayecheka hana nguvu za kubishana.

Kwetu Nyamitaba maziwa ndiyo yanayotuamsha. Nanunua ya majirani, nayachanganya na yetu, natengeneza fomaji, na njia ikiwa wazi nazifunga nyuma ya pikipiki naziteremsha Walikale. Mara nyingine nafika Pinga, mara nyingine Hombo, na narudi na mawese. Njia isipokuwa wazi, tunakula fomaji wenyewe na kuwasifu ng'ombe.

Mke wangu nilimwoa kwa ng'ombe na pia kanisani, yaani kwa njia zote mbili, asije mtu akasema hesabu haikutimia. Miaka ikapita, mtoto hakuja. Shangazi alianza na sala, akaendelea na mizizi. Mke wangu alikunywa majani ya kila rangi ambayo kilima chetu kinaotesha, na mengine kilima chetu hakiyajui. Mimi sikupewa hata jani moja. Hakuna aliyeona ajabu.

Jumapili moja, baada ya misa, Shangazi aliketi uani kwetu, akavua viatu. Akivua viatu ujue maneno ni marefu.

"Mutoto wangu, maharage ikishavunwa, huyu arudi kwao apumuzike kidogo."

"Apumuzike nini, Shangazi? Hajachoka."

"Mimi njo nimechoka. Kuna binti nimeona ng'ambo ya mulima. Kwao banazaa mapacha."

Mke wangu alikuwa mlangoni akipeta maharage. Alisikia kila neno. Kwetu maneno ya namna hiyo husemwa kwa sauti ili yasikike bila kuelekezwa kwa mtu. Ungo ulisimama, kisha ukaendelea, lakini haukupeta kitu tena, ulitikisika tu.

Mfanyabiashara akibanwa, anaomba muda. Niliomba mwaka. Shangazi akakataa. Niliomba misimu miwili ya maharage, akacheka. Tulikubaliana kwenye mavuno yanayofuata haya. Hapo nilijua kwamba nimeweka ndoa yangu juu ya ubao kama fomaji, na tarehe yake imeandikwa shambani.

Jioni hiyo, jikoni, mke wangu alisema bila kugeuka, "Mimi nilisha kupimwa."

"Lini?"

"Hospitali, wakati ulikuwa Hombo. Dokta akasema upande wangu haoni shida. Akasema bwana naye aje. Sikukuambia sababu nilijua utaleta maneno."

"Maneno gani?"

"Haya unataka kuanza sasa."

Nikafunga mdomo. Nilikuwa nayo kweli, mengi, yamejipanga.

Hospitali iko mteremko chini yetu. Mtu wa maabara, kwetu twasema labo, alikuwa mwembamba, amevaa sweta chini ya koti jeupe. Alinipa kichupa cha kifuniko chekundu na kunieleza kazi yake kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuuzia kitu cha magendo. Kwanza ningekaa siku kadhaa bila kumgusa mke wangu.

"Ngapi?" nikauliza.

"Mbili mpaka saba."

"Tufanye ine."

"Papa, hapa haiko soko."

"Si umesema mbili mpaka saba? Ine iko katikati."

Akaandika kwenye daftari lake. "Basi ine."

Nilitoka pale nikiwa nimeshinda, ingawa sikujua nimeshinda nini. Alinionyesha pia chumba cha kutolea, lakini mlango wake haukuwa na komeo, uliushikilia kwa mguu, na nje walikaa akina mama wa chanjo. Nikasema nitaleta kutoka nyumbani. "Basi leta mbio," alisema, "isiharibike."

Isiharibike. Sasa niambie, mtu wa Nyamitaba ukimwambia kitu kisiharibike, atafanya nini? Tangu utotoni najua jibu moja. Maziwa ya asubuhi tunayaweka kijitoni, ndani ya bidoni, yaani dumu, imezama hadi shingoni, chini ya kivuli, na maji ya mlimani yanayakinga. Siku ilipofika nilifanya yaliyotakiwa, nikafunga kifuniko chekundu, nikakiweka kichupa kijitoni kati ya bidoni mbili, nikaweka jiwe juu kisije kikasafiri. Nikaenda kunywa chai na kuwasha pikipiki. Kisha nikakifunga kwa jani bichi la mgomba, likidondoka maji, nikateremka polepole kama mtu aliyebeba mayai. Nilijiona mwangalifu kuliko wanaume wote wa eneo letu.

Jibu lilikuwa fupi. Mbegu zote zimelala. Hakuna hata moja inayocheza. Yule wa labo aliliandika, akanipa siku ya kumwona dokta, na hakunitazama usoni.

Nilimwambia mke wangu pale pale nilipofika, kabla ya kuvua kofia ya pikipiki, kwa sababu ndani ya kofia mtu haonekani vizuri. Naye akasema, "Basi tutakula fomaji sisi wawili." Akaingia ndani. Baadaye nilisikia anaimba wimbo wa kwaya, akikosea maneno, na yeye hakosei maneno.

Dokta alikuwa mwanamke, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nilitazama mlango mara mbili. Aliniuliza mambo ambayo hata padri hajawahi kuniuliza: utotoni niliugua matumbwitumbwi? Navuta? Nanywa kasiksi, pombe ya ndizi, kiasi gani? Nameza dawa za nguvu za sokoni? Nakaa juu ya pikipiki saa ngapi? Kisha akachukua lile jibu, akakunja uso.

"Papa, hii ulileta namna gani?"

Nikamweleza kwa fahari. Kijito, jiwe, jani la mgomba. Akaweka kalamu chini. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Papa, hii haiko maziwa."

"Wamesema isiharibike."

"Inaharibika kwa baridi! Ile inapenda joto ya mwili. Kichupa unakiweka kwapani ao ndani ya shati, na kabla saa moja ipite ikuwe imefika hapa. Ulizitia kwenye maji ya mulima, masikini, zikakufa kwa nimonia."

Nilicheka, lakini moyoni kuna kitu kilisimama wima. Ina maana kabla ya kijito zilikuwa hai? Hakusema hivyo. Alisema tutapima upya, hapo hapo hospitali, na tutapima tena baadaye, kwa sababu kipimo kimoja hakiaminiki. Mwanaume hubadilika kama hali ya hewa. Kipimo kimoja hakiaminiki! Nilimtazama yule binti nikaona sura ya Shangazi.

Safari hii nilikitumia kile chumba cha mlango wa mguu. Akina mama wa chanjo walinisalimu nikiingia, wakanisalimu nikitoka. Wa labo alingoja, akachukua tone, akaliweka kwenye kioo, akainama juu ya darubini yake, hadubini wanavyoiita waliosoma. Nikasimama nyuma yake kama mnunuzi asiyeamini mizani.

"Unataka kuona?"

Nikaweka jicho. Kwanza niliona kope zangu tu. Kisha giza likafunguka, na hapo, Mungu wangu, kulikuwa na watu.

Sina neno lingine. Nilikuwa nimevuka misitu ya Walikale nikidhani nimeona viumbe vyote. Vile vilikuwa na kichwa na mkia, na vilikwenda. Si vyote: vingi vilitulia, vingine vilizunguka mahali pamoja kama mlevi anayetafuta nyumba yake. Lakini hapa kimoja, na pale kingine, kilikata moja kwa moja kama mtu anayejua anakokwenda. Nani aliwaambia? Mimi sikuwaambia. Nilikuwa nimewabeba maisha yangu yote, sokoni, kanisani, kwenye matope ya Hombo, na hatukuwahi kusalimiana. Nilipokuwa nabishana bei ya mawese, wao walikuwa na safari yao.

Chini yao kulikuwa na mistari, viwanja vidogo vya mraba, kama mashamba yetu ukiyatazama kutoka kileleni. Wa labo alihesabu kiwanja kwa kiwanja, kidole kikibonyeza kimashine. Alipomaliza nikasema, "Hesabu tena."

"Papa, hiyo njo desturi ya hapa. Tunahesabu mara mbili. Hesabu zikiachana sana, tunaanza upya."

Nilitamani kumkumbatia. Nilikuwa nimezaliwa katika kazi isiyo yangu.

Zilikuwa chache, chini ya kiasi, na zinazokwenda vizuri zilikuwa chache zaidi. Lakini zilikuwapo. Dokta alinisimamisha wima, akavaa glovu, akapapasa korodani, akaniambia nikohoe. Nilitazama ukuta kwa bidii kubwa. Upande wa kushoto mkono wake ulisimama.

"Hapa. Mishipa imevimba, imejikunja kama mizizi. Damu inalala mule badala ya kupanda, na inaleta joto. Umeisha jiuliza sababu gani Mungu aliziweka inje, hazina hata mufupa wa kuzilinda?"

Sikuwahi kujiuliza.

"Zinataka fasi ya baridi kidogo kuliko tumbo. Si baridi ya kijito, Papa! Kidogo tu."

Hapo nikaelewa kwa vidole kabla ya kichwa. Maziwa ya fomaji ukiyatia dawa ya kugandisha yakiwa baridi, hayashiki. Yakiwa moto sana, umeyaua. Kuna mahali pamoja katikati, na mimi sina kipimo cha joto, nachovya kidole. Miaka yote kidole changu kilijua siri ambayo Muumba aliitumia kujenga mwanaume. Nilikaa kwenye kiti kile nikaogopa kidogo, kama mtu anayegundua kwamba jirani yake wa kila siku ni mfalme.

Alisema operasyo ndogo inaweza kuifunga ile mishipa. Nikamuuliza kama anaahidi mtoto. Akasema hapana, anaahidi kufunga mishipa. Kwa wengine hesabu hupanda, kwa wengine haipandi. Nilijaribu kumvuta: "Hata nusu ahadi?" Akatikisa kichwa. Ndipo nikamwamini. Akaongeza kwamba tusitarajie kitu upesi, kwa sababu mbegu zinazotengenezwa leo hukomaa baada ya karibu miezi mitatu.

Miezi mitatu haikuenea ndani ya mkataba wangu. Maharage yalikuwa tayari na maua. Nikamfuata Shangazi kwake, nikavua viatu mimi.

"Shangazi, ng'ombe isiposhika mimba, tunafanya nini?"

"Tunamuletea dume ingine. Unaniuliza ivi kama vile mimi ni wa Goma?"

"Tunabadirisha dume kwanza. Haturudishe ng'ombe kwa mwenyewe."

"Nani atarudisha ng'ombe bila kujaribu dume ing..." Alinitazama kuanzia usoni kwenda chini, kisha akarudi usoni. "Wewe?"

"Mimi."

Kuku walipita. Alichukua kitambaa chake, akakikunja, akakikunjua.

"Na dume ikigonjwa?" nikauliza.

"Tunaichinja," alisema.

Halafu akacheka mpaka machozi yakatoka, na sijui yalikuwa machozi ya nini. Alipomaliza akasema, "Basi tungoje maharage ya msimu ule mwingine. Na huyo binti ya ng'ambo, nitamwambia ameolewa na mwanangu kwenye ndoto." Kesho yake alikuja kwetu na kibuyu cha maziwa ya mgando, akampa mke wangu mkononi, kwa mikono miwili. Mizizi hakuileta tena.

Operasyo ilikwisha kabla sijamaliza kusali. Niliacha pikipiki kwa muda, nikatembea miguu wazi kama bata, na majirani wakatoa maelezo yao wenyewe, mazuri kuliko yangu. Wakati wa kupimwa tena ulipotimia mke wangu alisema, "Leo tunaenda wawili. Mimi pia nataka kuona."

Wa labo aliweka tone, akatazama, akajitenga. Mke wangu akawahi kabla yangu, akaweka jicho. Alikaa hapo muda mrefu, mdomo wazi.

"Yote hii iko yako?"

"Inaonekana."

"Muntu wa kubana wewe! Uko na umati wa namna hii, na ulikuwa unaninyima?"

Wa labo alilazimika kutoka nje. Mimi nilipotazama, kiwanja kilikuwa kimejaa wasafiri. Sikuweza kuomba ahesabu tena. Alihesabu mara mbili mwenyewe.

Bado haikuwa ahadi. Msimu ule mwingine maharage yakapandwa, yakaota, yakachanua. Shangazi hakuuliza kitu, na kutouliza kwake kulikuwa kukubwa kuliko maswali yake yote. Maganda yalipoanza kukauka, mke wangu alikataa chai asubuhi moja, akasema inanuka mbuzi. Nikanusa kikombe mara mbili. Hakikunuka mbuzi.

Tulipokwenda kliniki ya wajawazito, Shangazi alikuja nasi, amevaa kitenge cha Krismasi. Muuguzi aliweka kitarumbeta cha mbao juu ya tumbo, akasikiliza, akanipa nafasi. Nilisikia kama kitu kinakimbia juu ya nyasi, mbali, hakichoki. Nikakumbuka wale wa kwenye kioo, wanaojua wanakokwenda. Mmoja alikuwa amefika.

Kisha Shangazi akainama, akaweka sikio. Akafumba macho. Nje foleni ilianza kunung'unika, na muuguzi akamgusa bega kwa adabu: "Mama, imetosha, umesikia."

"Acha," alisema Shangazi, bila kuinua kichwa. "Nimesikia mara moja tu."