Parafujo ya Nne

Miguu ilipomkatalia mama kufika sebuleni, akawa anasikiliza misa ya televisheni ya Jumapili akiwa kitandani. Sauti tu. Aliitikia sala na kuuliza kama leo padri ni yule kijana au yule mwenye kikohozi. Roho iliniuma kila mara. Nyumba yetu ni ya zamani, ya wafanyakazi wa reli, na ukuta wa sebule ndio ukuta wa chumba chake. Nikanunua mkono wa chuma unaozunguka, niufunge karibu na mlango wa chumba chake, ili kioo cha televisheni kimgeukie mama kitandani.

Kwanza ilibidi nitoe kishikio cha zamani kilichoishika televisheni ukutani. Marehemu baba alikitengeneza mwenyewe baada ya wezi kubeba televisheni yetu ya kwanza, naye hakuwa mtu wa kuibiwa mara mbili. Parafujo tatu zilitoka kwa kubembelezwa. Ya nne aliipiga tupa kichwani mpaka ikawa laini, bisibisi isipate pa kushika. Kwetu Lubumbashi hilo si ajabu, watu wengi huharibu kichwa cha parafujo ili mwizi arudi mikono mitupu.

Nikaichanja mfereji kwa msumeno wa chuma, nikaitia mafuta, nikaenda kunywa chai. Niliporudi ikazunguka. Nikajisifu mapema, maana ilizunguka tu, haikutoka hata kidogo. Mimi si mtu wa subira. Nilitukana kutu, nikatukana ukuta, nikanyamaza kabla sijamfikia baba.

Mama akaita toka chumbani. Huniita Papa, kama mama wengi wa kwetu wanavyowaita wana wao.

"Papa, unafanya nini kule? Picha inacheza ku ukuta."

"Picha gani, mama?"

"Yetu ya ndoa. Ukizungusha, nayo inacheza."

Nikaenda kuona. Picha ya harusi yao ilikuwa imelala upande. Baba aliitundika kwa mkono wake, na tangu tumzike hakuna aliyethubutu kuishusha. Nikaomba ruhusa. Mama alifikiri kwanza.

"Ishushe basi. Lakini unipatie miye mu mikono."

Nilipoishusha nikaona yote. Parafujo ilikuwa imepenya ukuta mzima, na upande huu imefungwa nati, ekru kwa lugha ya mama, iliyoviringishwa kitambaa chenye vumbi. Picha ilikuwa imening'inia juu yake. Mwizi angezungusha mpaka kuche, na nati ingezunguka naye.

Mama aliutazama ukuta, akaitazama picha mapajani mwake. Akacheka kidogo, bila furaha.

"Kumbe alituwekaka pale juu ya kuficha ekru. Miye nilizania anapenda nilale nikituangalia."

Nikamjibu kwamba baba alikuwa na akili nyingi. Lilikuwa jibu la kijinga, na mama hakulijali.

Ili spana ishike nati, ilibidi nitoe kitambaa. Kilikuwa kipande cha nguo ya bluu ya kazi ya baba, kimefungwa kwa uzi, kimekunjwa mara nyingi upande wa picha na mara moja tu upande wa ukuta. Nati ilikuwa imeliwa na kutu. Nikamwomba mama ageuze picha. Mgongo wa picha ulikuwa safi, hauna doa la kutu.

Nikampa kile kitambaa. Alikikunjua, akakinusa, akasema bado kiko na mafuta ya karakana. Kisha akafuta macho kwa khanga yake, nami nikarudi sebuleni kujifanya nina kazi.

Jumapili iliyofuata mama aliiona misa, akamkosoa padri kwa kanzu isiyopigwa pasi. Lakini kabla ya hapo, siku ile ile ya kazi, sijakusanya hata vyombo, aliniamuru nirudishe parafujo ya nne tunduni, ingawa haikuwa na televisheni tena ya kushika. Nikaifunga nati, nikachukua picha niitundike.

"Ngojea," akasema, akaninyooshea kitambaa alichokwisha kukikunja upya. "Funika muzuri kwanza. Papa yako hakupendaka kutu itufikie."