Mshauri Wangu wa Masomo na Kamati Ndogo ya Vinywaji

Nilipoamua kurudi shule kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi, nilikuwa na sababu moja tu, nayo ilikuwa Mabogini. Nilikuwa mhandisi wa umwagiliaji kule kwenye mashamba ya mpunga, na kila msimu watu wa mwisho wa mfereji walikuja ofisini kuniuliza maji yao yamekwenda wapi. Mfereji ulikuwa umesakafiwa upya kwa saruji nzuri, milango ya chuma imepakwa rangi, uzinduzi umefanywa na watu wamekula pilau. Lakini maji yakifika katikati yalichoka. Sikujua kwa nini. Shahada yangu ya kwanza ilinifundisha mengi juu ya maji, isipokuwa namna ya kuyafikisha mwisho.

Nikaambiwa chuo kimoja hapa Moshi kina somo la mtiririko wa maji kwenye mifereji ya wazi, na mwalimu wake ni bingwa ambaye hata watu wa wizarani humpigia simu. Nikaomba, nikakubaliwa, na barua ikaniambia kwamba huyo bingwa ndiye atakayekuwa mshauri wangu wa masomo. Mama yangu kule Machame alinitolea sadaka ya shukrani kanisani.

Wiki ya usajili nilifungua mfumo wa chuo kwenye simu. Siku hizi hakuna foleni tena. Kila mtu anateseka kwake. Mfumo ulinitaka nichague masomo, nikachagua. Ukaniambia nisubiri idhini ya mshauri, nikasubiri. Somo la mifereji lenyewe sikuliona popote. Nikaenda mlangoni kwa mshauri, nikakuta karatasi imebandikwa: "Niko mkutanoni." Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na buibui alikuwa amejenga kwenye kona yake bila wasiwasi, kama aliyehakikishiwa kwamba mkutano huo hauishi leo.

Nikaenda ofisi ya masomo ya uzamili. Afisa usajili alikuwa dada mpole, mwenye sauti ya muuguzi.

"Somo la mifereji silioni kwenye mfumo," nikamwambia.

"Huwezi kuliona, dada. Halijafunguliwa."

"Linafunguliwa lini?"

"Wakishajisajili wanafunzi watano."

"Watajisajili vipi na wao hawalioni?"

Alinitazama kwa huruma. "Ndiyo maana halijafunguliwa," akasema.

Nikamuuliza kuhusu idhini ya mshauri. Akanieleza taratibu kwamba ofisi yao haisajili mtu; inawahudumia wale ambao wamekwisha kusajiliwa. Nikiwa tayari nimesajiliwa, nirudi, atanisaidia kwa moyo wote. Nikamwandikia mkurugenzi wao barua ya malalamiko. Dada yule akaipokea kwa mikono miwili, akaigonga mhuri, akaiweka juu ya barua nyingine zilizogongwa mhuri.

Muda wa usajili ulipokwisha, mfumo ulinihurumia kwa namna yake. Mwanafunzi ambaye mshauri wake hajajibu hupangiwa somo na mfumo wenyewe, na mimi nikapangiwa mitambo ya mvuke. Yaani boila.

Nilikwenda darasani nikiwa na nia ya kuaga. Tulikuwa watano. Mwalimu, mwanaume wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alituhesabu kwa macho na uso wake ukatulia. Baada ya kipindi alininunulia chai na chapati kantini, nikamweleza kwamba nimekosewa, nahama.

"Ukihama wewe, somo linakufa," akasema. "Mimi nitapelekwa kufundisha hesabu mwaka wa kwanza. Umewahi kuwaona watoto wa mwaka wa kwanza?"

Akanisogezea sukari.

"Mimi mwenyewe nilikuja hapa kusoma maji," akaendelea. "Nilimwomba mzee yuleyule, mshauri wako. Nikasubiri idhini. Mfumo ukanileta kwenye boila. Nilihuzunika kidogo, nikazoea. Sasa nina shahada ya uzamivu ya boila." Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza habari za mke aliyechaguliwa na wajomba na ambaye, kusema kweli, amemfaa.

Basi nikakaa. Kwa majuma kadhaa nilisoma boila, mimi ambaye kazini kwangu hakuna chochote kinachochemka isipokuwa birika la mlinzi. Hatimaye yule dada wa usajili alinionea huruma. Siku moja alinifuata nje ya ofisi, akatazama huku na huku.

"Dada, Dokta mshauri wako humpati chuoni," akasema. "Mfuate kikaoni. Kila Alhamisi jioni wanakutana kwenye baa moja kule mtaa wa Soweto. Kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa."

Mimi ninakaa Soweto. Kumbe mshauri wangu alikuwa akishauri kila wiki, mwendo mfupi kutoka kwangu.

Alhamisi ikafika nikaenda. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkurugenzi wa masomo ya uzamili, yule mwenye barua yangu. Katibu alikuwa mwalimu wangu wa boila, ambaye aliponiona alijifanya anatafuta kalamu. Baba wa binti, mshauri wangu, alikuwa mzee mrefu mwembamba, amevaa sweta juu ya tai. Nilizisogelea meza nikitegemea zogo la baa. Nilichokiona sijawahi kukiona chuoni. Kikao kilianza saa ileile iliyotangazwa. Akidi ilikaguliwa. Muhtasari wa kikao kilichopita ulisomwa, ukasahihishwa nukta moja, ukathibitishwa. Mjumbe aliyekuwa hajaulizia maturubai alikemewa na mkurugenzi kwa maneno mazito kuhusu uwajibikaji, akapewa mpaka kesho mchana. Mtu alituma swali kwenye grupu la kamati, na kabla hajaiweka simu mezani alikuwa amejibiwa, na waliojibu ni walewale ambao baruapepe nilizowatumia nilizihesabu kuwa zimekufa.

Niliona nafasi, nikamwinamia mzee. "Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, binti. Wewe ni wa upande gani, wa mama au wa majirani?"

"Mimi ni mwanafunzi wako. Nasoma uhandisi wa maji."

Mwenyekiti akadakia kabla mzee hajafungua mdomo. "Mhandisi wa maji? Huyu anafaa kamati ndogo ya vinywaji."

Ikapita kwa sauti moja. Nikasema nina jambo la masomo. Mwenyekiti akanihakikishia kwamba litaingia kwenye mengineyo. Jioni ile mengineyo hayakufikiwa, na Alhamisi iliyofuata hayakufikiwa vilevile. Nilifanya kazi ya vinywaji kwa bidii, maana nilishaelewa kwamba pale ndipo mahali pekee chuo kinapofanya kazi.

Mwishowe vinywaji vyenyewe ndivyo vilivyonisaidia. Mzee alisema sherehe yake haiwezi kuwa na mbege ya mjini. Pombe hiyo ya asili itoke kwao, kijijini Mkuu, kwa mama mmoja anayeipika kwa ndizi zilizoiva sawasawa na ulezi wa kweli, na lazima mtu wa kamati akaionje. Mimi Mlutheri wa Machame, ambaye nyumbani kwetu mbege ilikuwepo lakini haikutajwa mbele ya mchungaji, nikapangiwa kuonja. Jumamosi mzee akanipitia na pikapu yake, nyuma amepakia pumba za ng'ombe.

Tulipopita Himo na barabara kuanza kupanda, aliniuliza, "Kwa nini unataka somo langu? Siku hizi watu wanataka sola."

Nikamweleza Mabogini yote: saruji, milango, wale wa mwisho na mabua yao ya njano. Mbele kidogo ya Marangu alisimamisha gari pembeni, palipokuwa na mfongo, ule mfereji wa asili unaopita kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba ya watu. Akashuka na viatu vyake vizuri, akachana kipande cha jani kavu la mgomba, akakitupa majini.

"Kifuate kwa macho," akasema.

Jani lilikimbia, kisha likapunguza mwendo kabla halijalifikia jiwe lililolala chini ya maji. Na hapo, kabla ya jiwe, maji yalikuwa yamepanda kidogo.

"Maji yanapata habari za mbele," akasema. "Kikwazo kiko kule, yenyewe yameshaanza kusimama huku. Milango yenu mmeiwekea vizingiti juu ya sakafu?"

"Ndiyo, Dokta. Mkandarasi alisema vinapendezesha."

"Basi maji yanajaa nyuma ya mlango, yanapanda, yanawamwagikia watu wa juu. Wa chini wanabaki na lawama." Akachora kwa kijiti kwenye tope mstari wa maji ukipanda taratibu, akanionyesha mahali unapoanzia na namna ya kuukokotoa, akasahau kwamba tunasubiriwa Mkuu. Alifundisha kama mtu aliyekuwa amefungiwa chumbani na sasa ametolewa. Watoto wawili waliokuwa wamebeba majani ya ng'ombe walisimama kusikiliza.

Nilifurahi, na papo hapo nikakasirika. Nikamuuliza lile ambalo adabu ilikuwa imelizuia. "Dokta, kwa nini hukuidhinisha masomo yangu?"

Aliangalia viatu vyake vilivyoloa. "Paswedi nimeisahau," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu walipoleta huu mfumo mpya."

Mfumo mpya ni wa zamani kuliko ajira yangu. Akanieleza kwa sauti ya chini. Alikuwa amesoma Ulaya, amekuwa mkuu wa idara, vijana wote wa chumba cha kompyuta waliwahi kuwa wanafunzi wake, na wengine aliwafelisha. Amwendee nani kati yao aseme amesahau paswedi? Kwa hiyo kila muhula alibandika ile karatasi, akaenda nyumbani kuangalia ng'ombe wake. Hakuna aliyeuliza. Mkurugenzi alikuwa akimsifu kwa kutolalamika.

Nikachukua simu yake tukaanza kuomba paswedi mpya pale pale barabarani. Mfumo ukatuma namba za uthibitisho kwenye simu iliyoandikishwa zamani, ambayo siku hizi anaitumia mkewe. Mzee akampigia, akaweka sauti ya nje.

"Mama, kuna namba zimeingia kwenye simu yako. Nisomee."

"Sisomi," mkewe akajibu. "Redioni wanasema kila siku, namba za siri hazisomwi kwa mtu."

"Ni mimi mume wako."

"Hata matapeli wanasema hivyohivyo." Akakata.

Tulikwenda mpaka Mkuu. Mke wa Dokta alikuwa uani anamenya ndizi. Nikamwamkia, akaitika, akafuta mikono, akamtazama mumewe usoni kwa makini kama afisa wa mpakani, ndipo akamkabidhi simu. Namba zilikuwa zimekwisha muda wake. Tukaomba nyingine. Mtandao ukatoroka. Tukaufuata mpaka kwenye kilima cha nyuma ya zizi, na huko, katikati ya migomba, Dokta akaingia ndani ya mfumo kwa mara ya kwanza.

Maombi yalikuwa yamejaa kama barua za mtu aliyehama bila kuaga. Walikuwemo watu waliokwisha kuhitimu, kuoa na kustaafu uhandisi wakafungua maduka.

"Nibonyeze wapi?" akauliza.

"Hapa, penye jina langu."

Kidole chake kilikuwa kinene, cha mkulima. Kikagusa kitufe cha juu yake: idhinisha wote.

Kwa kuwa mfumo humwingiza kila aliyeidhinishwa kwenye somo la mshauri wake, Jumatatu chuo kiliamka kikiwa na somo la mifereji lenye wanafunzi wengi kuliko somo lolote la uzamili. Mkurugenzi alitoa waraka wa pongezi juu ya mwamko wa vijana katika sekta ya maji. Ratiba ikatupa ukumbi wa mahafali. Ndani yake tulikaa watu wanne safu ya mbele: mimi, wenzangu wawili kutoka boila, na mwalimu wa boila mwenyewe, ambaye alikuja na daftari jipya na kusema idhini yake imetoka. Somo lake halikufa, kwa kuwa mfumo hauna kitufe cha kumtoa mtu. Mpaka leo nimesajiliwa kote kuwili, na nilifaulu kote kuwili.

Dokta alitufundisha hata Jumamosi ili kufidia muda. Hakukosa hata kipindi kimoja. Karatasi ya mlangoni aliibandua mwenyewe, nikaona ukuta mweupe uliobaki chini yake. Kabla ya Krismasi tulivichonga vile vizingiti vya Mabogini mpaka vikawa sawa na sakafu, na maji yakafika mwisho. Wale wa mwisho hawakuja tena ofisini kwangu. Walianza kuja wa juu, kuniuliza maji yao yamekwenda wapi, na mimi sasa nilikuwa na jibu, ingawa hawakulipenda.

Sendofu ilifana. Watu walikuwa wamepanda nyumbani kutoka Dar na kwingineko, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ilikatwa, mbege ya Mkuu ilitosha mpaka kwa madereva. Bibi harusi alilia kidogo akarekebisha vipodozi. Nilipokuwa nakusanya chupa, mkurugenzi alinijia na sahani yake mkononi, akanishika bega.

"Umefanya kazi nzuri sana, mama," akasema. "Mwezi wa nne namwoza kijana wangu. Nimeshakuweka kamati ya vinywaji. Tunaanza Alhamisi."

Nilimwambia ni heshima kubwa kwangu. Andiko langu la utafiti lilikuwa ofisini kwake, linasubiri saini.