Ubeti wa Tano

Baba yangu alikuwa mpishi, na alikuwa mshairi. Watu walimjua kwa upishi. Alimpikia mwanamke wa Kiingereza aliyebaki kwetu Lushoto baada ya mumewe, bwana misitu, kufariki. Nyumbani tulimwita Bibi tu. Alikuwa ameandika riwaya tisa ambazo leo hata kwao hazisomwi, na kitabu kimoja chembamba cha mashairi ambacho ndicho kilichombakisha midomoni mwa watu. Wanaomsifu husema hakuna mwandishi wa wakati wake aliyeyaelewa maisha ya jikoni kama yeye. Jikoni! Bibi yule sikumbuki kumwona akichemsha hata yai.

Baba alitunga huku anakoroga. Jioni Bibi alikuja na daftari, akakalia kigoda karibu na mlango, baba akaghani na yeye akaandika. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, sitamnyima hilo. Mama alipouliza kama haogopi kuibiwa, baba alicheka. Kila shairi lake lilikuwa na beti tano, na ubeti wa tano ulitaja jina lake na kijiji alichozaliwa, kama walivyofanya watunzi wa Tanga aliojifunza kwao. "Kaditama nakomea, jikoni moto wazima," ndivyo alivyouanza ubeti mmoja wa namna hiyo, kisha likafuata jina. Mtu akilichukua shairi, alisema, atalichukua na mwenyewe ndani. Kwake hiyo ilikuwa hati tosha. Haikumpitia akilini kwamba ubeti unaweza kung'olewa na shairi likaendelea kusimama.

Bibi alirudi kwao na madaftari yake, na baada ya muda kitabu kikaja kwa posta. Baba hakujua Kiingereza, na macho yake hayakuona tena herufi ndogo za kitabu, kwa hiyo alimpa dada amsomee. Dada alikuwa na miaka kumi na saba, mimi sita. Alisoma shairi la kwanza, akafika mwisho, akatamka jina la baba na kijiji chake. La pili vilevile, na la tatu. Baba akawa anaweka kidole chini ya mstari wa mwisho wa kila shairi na kusema, "Hapa nipo." Wageni walionyeshwa. Fundi aliyekuja kuziba paa alionyeshwa.

Mwaka uliofuata dada alikwenda kusoma chuo Columbus, Ohio, kwa barua ya Bibi ya kumwombea nafasi, akaondoka na kitabu. Baba alifariki nikiwa sekondari. Dada ndiye aliyenisomesha, na ndiye aliyesaini karatasi zilizonileta Marekani na mtoto mgongoni. Nilipomuuliza kitabu kiko wapi, alisema kimepotea katika kuhamahama. Sikukitafuta kwingine. Ningekitafutia nini? Nilijua kilichomo.

Sasa naishi Beechmont, Louisville, na nafanya kazi kwenye ghala huku South End. Binti yangu, yule wa mgongoni, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Siku moja nilirudi kutoka shifti, sijavua hata fulana ya kazi, akaniwekea karatasi mbele na kuniambia kwa Kiingereza chake kwamba darasani wanasoma mshairi aliyeishi kwetu. Nilisoma polepole. Kabla ya mstari wa tatu nililijua: maharage, kuni mbichi za mkaratusi, mpishi anayetokwa machozi na kuapa kwamba ni moshi. Nilikaa kitini nikacheka kwa furaha. Kisha nikafika mwisho. Beti nne. Nikageuza karatasi. Nyuma palikuwa na maswali ya mwalimu.

Binti akaagiza kitabu kizima. Mashairi ishirini na moja, yote beti nne. Nilimtukana Bibi kwa lugha mbili, na binti, ambaye hajui matusi ya Kisambaa, aliomba nimfasirie.

Ndipo tulipogundua kuwa makaratasi ya Bibi yamehifadhiwa kwenye maktaba ya chuo kimoja Buffalo. Nikaandika. Walinijibu vizuri: njoo uangalie, na ukipata ushahidi, toleo jipya linaandaliwa na jina la mzee linaweza kuingia, mradi familia ijaze fomu na kusaini. Jina la baba kwenye kitabu, mahali alipoweka kidole. Sikuwa nimetaka kitu kwa nguvu hivyo tangu nizaliwe.

Njia ya Buffalo inapita Columbus, nikalala kwa dada. Huko yeye ni mtu mkubwa katika jamii ya Watanzania, na kila mara Bibi akikumbukwa mahali huitwa kusimulia jinsi alivyosaidiwa, binti wa mpishi aliyepata elimu. Nilimweleza safari yangu nikidhani ataruka kwa furaha tuondoke wote. Alitazama vikombe.

"Mdogo wangu, baba amepumzika. Utapata nini huko zaidi ya theluji?"

"Jina lake, dada."

"Nyonga inaniuma," akasema. "Nenda tu."

Buffalo, aliyeniletea masanduku alikuwa mama wa Kikongo, mtu wa Bukavu, anayeishi East Side. Aliposikia Kiswahili changu aliniita mama mara moja. Tulifungua kabrasha pamoja. Mashairi yote yalikuwemo kwa mwandiko wa Bibi, Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili, beti tano tano. Alikuwa ameutafsiri hata wa tano, na jina la baba amelinakili bila kukosea herufi. Juu ya ubeti huo mstari wa penseli, kutoka kona hadi kona. Mara ishirini na moja.

Chini ya kabrasha palikuwa na barua mbili zilizobanwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa nakala ya barua ya Bibi: muulize baba yako kama ubeti wa mwisho unaweza kuondolewa, wasomaji wa huku hawatauelewa. Kwa hiyo Bibi aliuliza. Ya pili ilikuwa jibu, kwa Kiswahili. "Baba anasema jina lake litoke. Hapendi watu wajue mambo yake. Naomba usisahau barua ya chuo." Chini, jina la baba, kama sahihi yake.

"Bon, mama," yule mama akasema, akiinama juu ya sahihi ile. "Hii mukono si ya mwanaume muzima. Angalia vizuri, ni ya mutoto wa masomo."

Niliujua mwandiko ule. Ndio ulionifundisha kuandika.

Nilirudi Columbus nikiwa na nakala kwenye mkoba. Dada alikuwa anasukuma chapati. Niliiweka barua juu ya unga. Aliisoma yote, ingawa nina hakika alikuwa anaijua kwa moyo.

"Baba hakukutuma uandike haya," nikasema.

"Hakunituma."

"Ukamsomea jina ambalo halipo."

"Alifurahi. Wewe mwenyewe ulimwona."

"Alikufa anaamini!"

"Sasa ulitaka nimwambie?" Aliweka chini kile kijiti cha kusukumia. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Bibi aliuliza kwa namna ambayo jibu lilikuwa moja tu. Ningekataa, ningekuwa namenya vitunguu mpaka leo, na wewe pembeni yangu. Shule yako ilitoka wapi? Karatasi zako zilitoka wapi? Huyo binti yako anayesoma mashairi, anasomea wapi?"

Nilimchukia, na nilikuwa na njaa, na chapati zilinukia vizuri, na hilo nalo liliniudhi.

"Nikifa, andika utakalo," akasema, safari hii bila ukali. "Nikiwa hai, naomba uniache. Likiingia jina kitabuni, wataiona na barua. Hapa watu wote wananijua."

Angenitukana, ningesaini palepale. Lakini aliomba, mtu aliyenifunga kamba za viatu siku yangu ya kwanza shuleni. Nikasema nimesikia. Akanifungia chapati kwenye karatasi ya foili nile njiani, nami nikazipokea.

Fomu imekaa kwenye droo yangu, na toleo jipya limeshakwenda kupigwa chapa na beti zake nne nne. Binti hanisemeshi kuhusu jambo hili. Mwezi uliopita nilianza kuandika kurasa hizi, nikijiambia kwamba angalau hapa hakuna wa kunizuia. Nimezimaliza leo. Nimeitaja Lushoto, nimetaja kuni na maharage, na jina la baba halimo. Safari hii hakuulizwa mtu mwingine. Nimelitoa mimi.