Fimbo ya Besi Niliyoilaza Kigongo Juu

Saa mbili na robo asubuhi, Jumapili iliyopita, Papa Kalenga, mchuuzi wa samaki kutoka Kongo, alikuja karakanani kwangu hapa Nchelenge kuchukua gitaa lake la besi. Alitakiwa kulipiga ibadani kisiwani Kilwa, humu ziwani kwetu, na mashua ilikuwa ikimsubiri.

Ni besi kuukuu. Ndani ya shingo yake hupita fimbo ya chuma iliyopinda kidogo. Ukikaza nati ya nchani mwake, fimbo hujinyoosha na kuizuia shingo isipindwe na nyuzi. Yake ilikuwa imekatika. Nilibandua ubao wa juu wa shingo kwa pasi ya moto, nikaweka fimbo mpya, nikaurudisha ubao kwa gundi. Kazi hii nimejifunza mwenyewe, na pale nilipokosa maelezo niliiga kichanja cha mke wangu cha kukaushia samaki: mti uliopinda hulazwa kigongo, yaani upande uliobinuka, juu, uzito uunyooshe. Nami nikalaza fimbo kigongo juu.

Asubuhi hiyo nilikaza nati mbele ya Papa Kalenga. Shingo ikapinda zaidi, nyuzi zikainuka mbali na ubao. Nikakaza tena, kwa kujiamini zaidi.

"Fundi, unatengeneza besi ao upinde?" akauliza. "Leo nitapiga nini ku kanisa?"

Mke wangu alichungulia, nami nikamweleza habari ya kichanja.

"Bashi Mutale," akasema, akiniita baba wa mtoto wetu, "samaki wanakandamiza chini. Hizi nyuzi zinavuta juu. Fimbo ilitakiwa kulala kigongo chini."

Papa Kalenga alipanda mashua bila besi, mfukoni akiwa na malipo yangu yote niliyomrudishia: kwacha mia nne.