Kapeti ya Nangila

Nangila wa Bungoma hakuiamini sabuni isiyowasha mikono. Nelima, mke wa mwanawe, alipokuja kumtembelea kutoka Kitale, aliipangusa kapeti mpya ya plastiki yenye maua ya mama mkwe wake kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo. Povu hakuna, harufu hakuna! Nangila akamtazama kwa jicho la pembeni. Uchafu gani huo unaotoka kwa kubembelezwa? Huyu ana lake jambo.

Nelima alipoenda sokoni, Nangila alichukua mafuta taa, yale aliyosugulia sakafu yake ya simiti miaka yote, akasugua kapeti kwa hasira. Maua yote yakahamia kwenye kitambaa alichosugulia.

Nelima alirudi akamkuta mlangoni, mikono kiunoni.

“Nelima, hebu niambie ukweli. Asubuhi ulitia nini kwenye hayo maji yako?”